Vidonge Kumi na Vinne vya Fundi Bomba

Mgeni rasmi, uongozi wa hospitali, madaktari na wauguzi wetu,

KARIBU
Sisi wagonjwa wa kliniki ya moyo ya Alhamisi tunakukaribisha kwa mikono miwili. Utuwie radhi tulioshindwa kusimama ulipoingia. Ngazi zimetumaliza pumzi.

TULIKOTOKA
Umoja wetu ulianzishwa kwenye benchi la kusubiria na marehemu mwenyekiti wetu, fundi bomba. Ndiye aliyetufafanulia maneno ya daktari: kijichuma kinachoingizwa kwenye mshipa wa moyo hufungua palipoziba tu. Mishipa mingine inalindwa na kidonge cha kushusha mafuta kwenye damu, kinachoanzwa kabla ya kuwekewa chuma na kumezwa kila siku maisha yote.

MAFANIKIO
Wenzetu kumi na tisa wamewekewa vyuma. Walioletwa wakikokotwa walitoka kwa miguu yao. Kwa chumba kipya cha kuwekea vyuma unachokifungua leo, tunashukuru.

CHANGAMOTO
Vidonge hivyo vya kushusha mafuta havijaonekana kwenye dirisha la dawa tangu mwezi wa pili. Mfamasia anasema vimeagizwa. Maduka ya nje nayo hayana.

Mwenyekiti alikuwa amebakiwa na vidonge kumi na vinne. Mshonaji mmoja, mwenzetu, alipangiwa kuwekewa chuma, na daktari alitaka aanze dawa mapema. Mwenyekiti akamwekea pakiti mapajani. Mshonaji akairudisha, wakavutana mpaka muuguzi akageuka kuwatazama.

"Chukua, dada," alimwambia. "Mimi nimeshazibuliwa."

Alijua fika kwamba kuzibuliwa peke yake hakutoshi. Si ndiye aliyetufundisha?

Mwezi mmoja baadaye, akiwa chini ya sinki la mteja, kifua kikambana. Alifikishwa hapa akiwa hai, hakutoka. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni kwa kukosa dawa. Mkewe alikuja kutuuliza sisi vidonge vyake vilikwenda wapi.

Mshonaji huyo ndiye mimi ninayekusomea.

MAOMBI
Tulikuwa tumeandika maombi sita, pamoja na viti na feni. Juzi tuliyafuta, tukabakiza vidonge peke yake. Leo asubuhi dirishani tumeambiwa tena turudi wiki ijayo. Wiki hiyohiyo wenzetu wanne wataingia chumba chako kipya, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyebakiwa na kidonge cha kuwagawia.

Mungu akurudishe kwa wanao ukiwa mzima.

Ni sisi,
Umoja wa Wagonjwa, Kliniki ya Moyo ya Alhamisi