Jina Langu Liitwe kwa Sauti Mbili

Sogeeni, wanangu. Jörg, achana na dirisha, huko nje hakuna kitu ila mvua na mnara wa mgodi uliofungwa. Silke, kaa hapa kushoto kwangu, kaka yako akae kulia, na huyo nesi mwambieni akapumzike, maana tangu juzi nawatazama mkipitishiana kikombe changu kupitia kwake kama majirani waliogombania mpaka wa shamba, na binti wa watu amechoka. Mlidhani nimelala. Mimi uwanjani nilikuwa kiungo, na kiungo kazi yake ni kuona.

Sikilizeni basi, wala msinikatize, kwa kuwa pumzi niliyobaki nayo ni kidogo na refa ameshaanza kutazama saa yake.

Nyumba hii aliyoniachia babu yenu Alfons ni yenu nyote wawili, na isiuzwe mpaka mmekaa kwenye meza ileile ya jikoni mkakubaliana kwa vinywa vyenu wenyewe, si kwa vinywa vya mawakili. Bustani ya kule nyuma ya reli, na viazi vyake, na kibanda chake kinachovuja, achukue Silke, kwa sababu Jörg hata vitunguu vilimfia. Njiwa wangu mpeni jirani yetu Kuhlmann, na mwambieni asimpeleke tena kwenye mashindano ya kuruka yule jike mwenye shingo ya kijani, kazeeka kama mimi. Amevuka mfereji kwenda Lessum na kurudi Holtrup maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumzomea.

Mimi nilizomewa. Hilo mnalijua, lakini mnalijua kwa maneno ya watu, na leo nataka mlijue kwa maneno yangu.

Mimi ni mtoto wa Holtrup, wa upande huu wa mfereji, ambako zamani kijana alikuwa na njia mbili, kushuka mgodini au kukimbia uwanjani, na baba yangu, aliyeshuka mgodini kabla hajaota ndevu, aliapa kwamba mimi sitashuka. Njumu zangu za kwanza alizipaka mafuta ya nguruwe kwa mkono wake, akaziweka chini ya meza, akasema, “Hizi zikikutoa hapa, nami nimetoka.” Sikuwa na mbio, wala sikuwa na shuti. Nilichokuwa nacho ni shingo. Kabla mpira haujanifikia nilikuwa nimeshageuka kutazama nani yuko wapi, nani amechoka, nani anaogopa, na huo ndio uchezaji wangu wote. Waliofunga mabao walibebwa mabegani. Mimi nilirudi nyuma kuziba pengo waliloliacha.

Na desturi ya uwanja wetu Jörg unaijua kuliko mimi, wewe unayepiga ngoma jukwaani kila Jumamosi: mtangazaji huita jina la kwanza la mchezaji, kisha hunyamaza, na jukwaa zima likajibu jina la ukoo. Siku ya kwanza mzee Tillmann alipoita “Ewald” kwenye kipaza sauti, na watu wakajibu “Nowotka”, baba alikuwa amesimama katikati ya wachimbaji wenzake, vumbi la makaa bado liko kwenye kope zake. Aliniambia baadaye kwamba alisikia jina la baba yake na la babu yake, watu waliokuja kutoka mashariki na mafurushi ya nguo mgongoni wakaitwa kila tusi, likitoka sasa kwa heshima vinywani mwa watu walewale. Alilia. Na huyo ni mtu aliyemzika ndugu yake bila chozi.

Kisha akaja kocha mpya, akaniweka benchi, akanisahau huko. Nikakaa mpaka nikaona mguu wangu unazeeka bila kazi, na Lessum, mahasimu wetu wa ng'ambo, wakaniita. Mnajua maana ya kuvuka mfereji ule. Padri alinikumbusha, muuza mikate alinikumbusha, kila mtu ghafla akawa na methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi mbachao wangu walikuwa wameshaukunja wao wenyewe, wakaniacha nimesimama. Nilikwenda. Sikukosa, wanangu, na sitaomba msamaha leo eti kwa kuwa nakufa.

Nilikwenda kumwambia baba mwenyewe, jikoni, akiwa na sahani yake ya supu ya dengu. Hakupaza sauti. Alisema, “Wewe utavuka, mimi nitabaki na hawa watu. Kesho alfajiri nashuka nao chini.” Akaisukuma ile sahani. Na tangu siku hiyo hakuniambia neno. Nikipiga simu, alimpa mama. Nikija Krismasi, alikuwa darini na njiwa. Kwa muda mrefu nilimchukia kwa hilo, halafu nikaelewa, kwamba mtu anayefanya kazi chini ya ardhi maisha yake yako mikononi mwa yule aliye kando yake, na mwanawe alipoondoka, macho ya wenzake kwenye lifti ya mgodi yalimgeukia yeye. Nilielewa. Kuelewa hakukuniondolea uchungu.

Lessum walinitendea vyema. Tulipanda ligi kuu, nilicheza na watu ambao mngelipa kuwaona wakifunga kamba za viatu, na jezi ya taifa niliivaa mara moja, ikalowa kwa mvua ya benchi tu. Halafu ratiba ikaturudisha Holtrup, na mimi nikiwa na jezi ya buluu.

Wageni pale husomwa harakaharaka, namba na jina, kama mtu anayesoma orodha ya wadaiwa. Tillmann alisoma hivyo mpaka alipofika kwangu. Sijui ilikuwa mazoea, sijui alisahau nimevaa nini, maana jina langu alikuwa ameliita msimu baada ya msimu. Aliinua sauti, akalivuta kwa namna ileile ya zamani, “Ewaaald”, kisha akanyamaza kusubiri. Akakumbuka akiwa ameshachelewa, maji yamekwisha mwagika. Na uwanja mzima ukanyamaza. Nimezomewa sana, nimetemewa mate, nimetupiwa bia, lakini hakuna kilichoniumiza kama kimya kile. Nilisimama kwenye nyasi nilizokulia, nikitamani wazomee tu.

Ndipo sauti moja ikajibu. Moja tu, ya kukwaruza, kutoka pale wanaposimama wachimbaji. “Nowotka.” Na baada yake kikohozi kirefu, kile cha vumbi la makaa, nilichokuwa nakisikia nyuma ya ukuta utoto wangu wote.

Baada ya hapo filimbi na matusi vikashuka, mchezo ukaanza, na sikumbuki hata nani alishinda. Nilitoka mbio na nywele mbichi mpaka nyumba hii. Mlango ulikuwa umefungwa. Mama alifungua dirisha la jikoni, akanipa kipande cha keki kwenye kitambaa, akasema, “Usimuulize, Ewald. Wenzake wameshamuuliza, akawaambia alikuwa anakohoa tu. Ukimuuliza na wewe, itabidi akane na mbele yako.” Kwa hiyo sikumuuliza. Mapafu yake yalimshinda majira yaleyale ya baridi. Hospitalini aligeukia ukutani, nami nikakaa miguuni pa kitanda, nikamshika mguu juu ya blanketi. Hakuuvuta. Basi. Huo ndio mwisho wa mazungumzo yangu na baba yangu, jina letu na mguu ambao hakuuvuta.

Nipeni maji kidogo. Asante.

Goti langu likafa baadaye, na mchezo wa kuagwa sikupewa. Holtrup walisema mimi ni wa Lessum, Lessum wakasema mimi ni wa Holtrup, nikafungua kioski pale tramu inapogeukia, nikawauzia bia watu wa pande zote mbili, wakanisimulia mpira mimi.

Sasa mwenyekiti wa Holtrup amekuja na maua, anasema nikifa wataliita jina langu uwanjani. Jörg ulifurahi. Silke ukasema Lessum nao watataka. Mkageuziana migongo. Waacheni wote waite, mimi sitakuwepo.

Jörg, dada yako alipopata kazi ya kukanda misuli ya wachezaji wa Lessum, ulisema angeenda popote ila huko. Hukwenda hata kwenye ubatizo wa mtoto wake. Huo ni ukali wa babu yako, ila yeye alikuwa na mgodi. Wewe unauza miwani, mwanangu. Nawe Silke usitabasamu. Mama yenu alipokuwa anakata roho, ulimpa kaka yako habari kupitia kwa mumeo. Wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nimengoja na kapu langu mpaka limeoza.

Jezi zangu mbili ziko kabatini. Ile nyeusi ya Holtrup achukue Silke. Ile ya buluu ni yako, Jörg. Usikunje uso. Itunze.

Nizikeni kando ya baba, kodi ya kaburi nimeshailipia miaka mingine. Nyumba alinifungia, huko hakuna kitasa. Watu wapeni kahawa na keki ya kawaida, na kocha yeyote asihutubu. Mungu awabariki, awape kinywa chepesi kuliko changu na cha baba yangu. Mtoto wa Silke... mwambieni nilimwona anakimbia bustanini, anageuza shingo. Mbarikiwe, wanangu. Mbarikiwe nyote wawili, pamoja.

Bado moja. Sitaki kusubiri Jumamosi yao. Niiteni sasa. Silke, wewe ita la kwanza. Jörg, wewe jibu. Hapa hapa, niwasikie.

Ndiyo. Hivyo, mama. Lakini livute... kama Tillmann.

Jörg.

Mwanangu, kimya hiki nakijua. Usinirudishe... pale.

Ah. Umejibu, mwanangu, na sauti ni ya baba. Hata kukohoa, ni yeye.