Maman Nathalie Cibalonza, Aliyeandika 112

Tunayemzika leo, Maman Nathalie Cibalonza, alizaliwa Mudaka tarehe 14 Septemba 1979, mtoto wa nne wa wakulima, akasoma shule ya msingi hukohuko, akapata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari hapa Bukavu mwaka 1998, na ya uuguzi mwaka 2002.

Tarehe 6 Agosti 2005 alifunga ndoa na Théodore, mwalimu wa takwimu, katika parokia moja ya Kadutu, Mungu akawajalia Fabiola, Gentil na Elodie.

Alihudumu Kavumu katika kituo cha afya, kisha kuanzia Juni 2016 akawapima watoto wenye utapiamlo kwa shirika la msaada ambalo mjumbe wake ameketi hapa na shada la maua. Mwezi Machi 2025, vita vikiwa vimeingia mjini na ufadhili ukiwa umekatwa, shirika hilo liliamuru wapokelewe tu watoto ambao mzunguko wa mkono wao haufiki milimita 110, ingawa hadi siku hiyo kipimo kilikuwa 115. Tarehe 7 Aprili aliletwa Akili, mtoto wa wakimbizi, miezi kumi na minne, milimita 112. Msimamizi, Papa Edouard, alimwambia, "Murudishe, Maman. Akishuka atarudi." Nathalie akajibu, "Papa, huyu akishuka hatarudi," akaandika 112 daftarini, akampa mama wa mtoto pakiti za lishe ya tiba ya karanga za wiki mbili.

Barua ya kumfukuza, ya tarehe 22 Aprili, inasema alighushi vipimo. Daftari lina 112, kwa mwandiko wake, na Akili sasa anatembea.

Tarehe 2 Mei alikutwa na shinikizo la damu, tarehe 3 Septemba akapatwa na kiharusi, tarehe 5, saa nne asubuhi, akafariki. Mumewe hasemi kwamba barua ndiyo iliyomuua, maana hawezi kulithibitisha hilo. Ameomba tu tarehe zisomwe zilivyo.

Familia inawashukuru madaktari, majirani waliopika na kulala nasi matangani, na muuguzi Asumini, mwenzake wa kazi, aliyetia sahihi kwamba aliiona 112 ikiandikwa, akijua kwamba naye angefukuzwa, akafukuzwa. Shirika halishukuriwi. Mjumbe aondoke na shada lake, na siku atakapoleta barua ya kufuta neno lile "alighushi", tutaisoma kaburini.

Nathalie, hukuandika uongo. Pumzika kwa amani.