Kadi ya Bwana Haskett

Basi la chuo, huko Carolina, Marekani, lilipoanza kupanda kilima, Preston Haskett aligeuza kadi ya jina iliyoning'inia shingoni mwake, maandishi yakalalia tai. Alikuwa akienda kwenye mkutano wa waliosoma hapo zamani, kuomba jina la babu wa babu yake lisiondolewe kwenye bwalo la chakula la chuo.

Mbele yake msichana Mweusi mwenye bango la kupinga jina hilo alimwambia bibi mmoja, Mweusi pia, "Haskett aliuza watu, bibi. Babu zetu! Halafu nile kwake?"

Abiria wengine wakajifanya wanatazama miti.

"Punguza sauti, mwanangu, masikio ninayo. Mama yangu alipika humo bwaloni, akiingilia mlango wa nyuma. Mkilifuta jina, nani atakumbuka waliomfungia wa mbele?"

"Kwa hiyo tumheshimu ili tusimsahau?"

"Una mdomo wewe!" bibi akacheka.

Preston alikunja karatasi ya hotuba yake, akaitia mfukoni.

"Bwalo la Haskett!" dereva alitangaza. Preston akainuka, macho chini. Bibi akamgusa mkono.

"Bwana, kadi yako imegeuka."

Akamwekea sawa, na alipoisoma vidole vyake vikabaki pale pale, mlango ukiwa wazi.