Vitalia na Darasa la Mbio

Ukishuka kutoka soko la Mbinga mjini kuelekea yanakopakia magari ya Mbamba Bay, utakuta benchi la ubao limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la pembejeo, na mbele yake jiko la mkaa na birika la Tadea. Huku kwetu kahawa imepandwa mpaka uani kwa watu, lakini mkaribishe mwenyeji kikombe uone, atakuuliza kama hakuna chai. Tadea ndiye aliyewafundisha wachache kunywa wanacholima, na wachache hao wakanogewa, hasa miezi hii ya baridi ambapo mtu hawezi kukunja ngumi vizuri. Hapo kila mtu ana jina la kubandikwa. Aloyce, dereva wa gari dogo la abiria linaloteremka ziwani, anaitwa Mwendokasi. Lusekelo wa ofisi za halmashauri, mtu wa Tukuyu aliyeletwa na uhamisho, ni Bwana Mipango. Na Romanus, mkulima wa Mkumbi anayefika kila Jumamosi, ni Kichanja, kwa sababu kahawa yake ikiwa juu ya kichanja inakauka hamwamini mtu yeyote kuigeuza isipokuwa yeye na binti yake.

Jumamosi hiyo Kichanja alifika mapema, akakaa pembeni na koti lake zito, akapokea kikombe, akakishika tu. Tadea alimtazama mara mbili. Akamuuliza kama nyumbani kuna mgonjwa.

– Hakuna mgonjwa. Ni Vitalia. Jumatatu namrudisha shule, na Sista anataka jibu.

Vitalia alikuwa kidato cha kwanza kwenye shule ya masista upande wa Kigonsera. Masista wale shirika lao limeanzia Hispania, kwa hiyo pamoja na Kiingereza na hesabu watoto wanafundishwa Kihispania. Siku ya wazazi, Sista Natalia alimwita Romanus kando. Akamweleza kwamba baada ya likizo ya Juni madarasa ya Kihispania yatagawanywa mawili. Kitabu ni kilekile kimoja. Darasa moja litakimaliza mwaka huu, lingine litakwenda nacho mpaka mwakani. Vitalia amepata alama za katikati, anaweza kukaa huku au kule, na Sista alipenda mzazi afikirie kwanza.

Romanus alikuwa amefikiria mpaka kichwa kikachoka. Tatizo ni kwamba alifikiria kikulima. Kahawa mbivu ikitoka shambani unaimwaga kwenye maji. Nzuri inazama, nyepesi inaelea, na inayoelea unaichota na kuiweka kando, haichanganywi na iliyozama. Kila alipolitafakari darasa la taratibu aliona mkono wake mwenyewe ukimchota binti yake na kumweka kando. Hakulisema hilo pale kijiweni. Alisema tu kwamba ameshindwa kuamua.

Kumwambia mtu wa kijiweni kwamba umeshindwa kuamua ni kumpa kazi aliyokuwa anaisubiri tangu asubuhi. Mwendokasi akaweka kikombe chini.

– Mbio, kaka. Hapo hakuna mjadala. Mimi nashuka milima hii kila siku. Abiria wanapiga kelele, dereva punguza, dereva punguza. Ukiwasikiliza ukakanyaga breki kutoka juu mpaka ziwani, breki zinaungua, zinatoa moshi, mnaishia kwenye mtaro. Mtoto naye ukimkanyagia breki miaka miwili, kichwa kinatoa moshi.

– Kichwa cha mtoto kina breki? – Tadea akauliza.

– Kila kitu kina breki, dada Tadea. Wewe tu ndiyo huna, ukianza kuongea.

Tadea alimnyima kashata kwa hilo. Halafu akatoa hoja yake, naye alikuwa upande wa taratibu. Alisema kichwa ni kama gunia. Vitalia amezaliwa amekuta Kimatengo kimeshaingia, shule ya msingi wakamwagia Kiswahili juu yake, sasa Kiingereza, na hiki cha nne ukikishindilia kwa nguvu lazima kimoja kimwagike. Na kitakachomwagika ni cha nyumbani, kwa sababu ndicho hakina mtihani. Alimjua mtoto mmoja wa Tingi aliyesomeshwa lugha kwa pupa, alipokuja likizo bibi yake akamgombeza kwa kilugha na mtoto akashukuru, akidhani anabarikiwa.

– Umezidisha, – Mwendokasi akasema.

– Bibi yake nilimwona kwa macho yangu, analia. Huwezi kumlea mtoto ambaye hajui kama anagombezwa.

Bwana Mipango alikuwa bado hajasema, anakoroga kahawa isiyo na sukari, desturi yake anapotaka watu wamngojee. Alipoanza alianza vizuri, kama mtu wa ofisi. Akasema kila jambo lina lengo, muda na matokeo. Wakamkubali. Kisha akauliza ni watoto wangapi wa Ruvuma wanajua Kihispania, akajijibu kwamba hawazidi darasa moja, kwa hiyo anayemaliza kwanza ndiye atakayechukuliwa. Kuchukuliwa wapi? Ubalozini Hispania. Akikaa ubalozini miaka michache atakutana na wanywaji wa kahawa wa huko, na wanywaji hao wakisikia baba yake ana shamba Mkumbi watataka mzigo moja kwa moja. Kufikia kikombe cha pili Vitalia alikuwa ameshajenga kiwanda cha kukaanga kahawa, barabara ya Mkumbi imetiwa lami, na Bwana Mipango mwenyewe amehamishiwa huko kusimamia.

– Kwa hiyo ukimweka taratibu, – akamalizia, – lami inachelewa.

Watu walicheka. Romanus naye alicheka, ila kicheko hakikufika mbali. Maana mwaka jana alishaharakisha kitu, na wote pale walikijua. Ilisemekana wanunuzi wangefunga ununuzi mapema, akaitoa kahawa kwenye vichanja na kuianika juu ya mabati, jua likaipiga, ikakauka haraka kweli. Kumbe ilikauka nje tu. Ndani ilikuwa mbichi, na punje zikapasuka. Ilipopimwa ubora iliwekwa mwisho kabisa. Mwendokasi alikaribia kumkumbusha, akamwona uso, akayameza maneno. Kijiwe kina utani mwingi, lakini kina huruma yake.

– Si unaona, – Tadea akasema kwa sauti ya chini. – Wewe mwenyewe unajua kukausha kwa pupa.

– Najua. Lakini najua na kuachwa nyuma.

Hapo wote wakamgeukia, kwa sababu Kichanja si mtu wa kuongea habari zake. Alisema alipokuwa mdogo alipelekwa Songea kukaa kwa baba yake mdogo, akaingizwa darasa la watoto wa mjini waliozaliwa na Kiswahili mdomoni. Yeye alikuwa na Kimatengo na maneno machache ya kanisani. Siku ya kwanza mwalimu alimsimamisha ajitambulishe, akakosea, darasa zima likaangua kicheko. Akakaa. Hakufungua tena mdomo mle darasani mwaka mzima, hata alipojua jibu. Mwalimu akaandika kwamba ni mzito, na baba yake mdogo akaanza kuongea naye kwa ishara.

– Watu walidhani mimi ni bubu, – akasema. – Sasa nikimpeleka Vitalia kwa wanaokimbia, naogopa atakaa kimya kama mimi. Nikimpeleka kwa wa taratibu, naogopa ataona baba yake amemhesabu mzito. Hilo ndilo linanikosesha usingizi. Mengine ya ubalozi sina habari nayo.

Bwana Mipango aliondoa lami yake mezani, akatazama kikombe. Ila kijiwe hakiwezi kukaa na uchungu kwa muda mrefu, na Mwendokasi akaja na shauri jipya: mtoto aanze taratibu, baada ya miezi miwili ahamishiwe mbio kama abiria anavyohamishwa gari. Tadea akasema abiria wa Mwendokasi wanahamishwa gari kwa sababu la kwake limeharibika. Bwana Mipango akapendekeza iundwe kamati. Wakaanza kubishana nani awe mwenyekiti.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo, kapu la kabichi miguuni, amejifunga vitenge viwili kwa baridi. Aliitwa Mama Eunice, mtu wa ziwani, na alikuwa abiria wa Mwendokasi aliyeambiwa gari linaondoka sasa hivi, muda mrefu uliopita. Walimwamkia alipofika, akaitikia marahaba, basi. Alikuwa amesikiliza yote. Sasa akamgeukia Romanus.

– Samahani mwanangu, mimi mpita njia. Huyo binti akikosea neno, huwa anacheka au ananyamaza?

Bwana Mipango akamtazama Tadea, Tadea akamtazama Romanus. Romanus akatafuta jibu. Alijua alama za Vitalia. Alijua maneno ya Sista, karibu yote. Alijua jina la kitabu na rangi ya jalada lake. Likizo nzima wamegeuza kahawa pamoja kichanja kimoja, yeye upande huu, mtoto upande ule.

– Sijui, mama, – akasema. – Sijawahi kumsikia akiongea hicho Kihispania.

Aliona aibu, na haikuwa ya kuelea wala kuzama. Ilikuwa aibu ya mzazi aliyeulizia mtoto wake kwa watu wote isipokuwa mtoto. Mama Eunice alirekebisha kapu lake.

Romanus akatoa simu, akampigia mkewe. Mkumbi mtandao unakuja na kuondoka, lakini siku hiyo ulikuja. Akaomba apewe Vitalia.

– Weka sauti kubwa tusikie wote, – Mwendokasi akasema.

Romanus alitikisa kichwa. Akasimama, akageuza mgongo, akaibana simu sikioni.

– Shikamoo baba.

– Marahaba mama. Uko wapi?

– Nafunika kahawa, ukungu unashuka.

– Nisalimie kwa Kihispania.

Akasikia turubai likivutwa. Kisha sauti ndogo ikaanza, ikasema neno moja, ikaingia la pili, ikakwama. Ikajaribu kurudi, ikakwama tena. Halafu hakuna kitu. Mtandao ulikuwepo, kuku alisikika, na pumzi ya mtoto pia. Romanus aliujua ukimya ule. Alikuwa ameukalia mwaka mzima Songea, dawati la nyuma karibu na dirisha, na alikuwa hajawahi kuusikia kutoka nje.

– Vitalia.

– Abee.

– Unaogopa kukosea?

– Wenzangu wananicheka, baba. Wewe pia utanicheka.

– Nifundishe mimi. Niambie lile la kwanza nilishike.

Akamwambia, kwa sauti ya kunong'ona. Romanus akageuka, akaitazama barabara, wabeba mizigo, vijana wa bodaboda, kijiwe kizima kimemkodolea macho. Akavuta pumzi. Akalitamka lile neno kwa sauti kama ya mtu anayeita mbwa ng'ambo ya bonde, na alilikosea kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kijiwe kilipasuka. Tadea aliinama akashika jiko nusura aungue. Wabeba mizigo walisimama. Yeye hakukaa. Alirudia, akakosea upya, kwa namna nyingine.

Na ndani ya simu, kule Mkumbi kwenye vichanja, Vitalia alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mama yake akauliza kuna nini. Kisha, akiwa bado anacheka, akamsahihisha, akalisema neno lote na lile la pili lililokuwa limemkwamia, bila kusita.

– Jumatatu tutamwambia Sista, darasa la taratibu, – Romanus akasema. – Wewe na mimi. Jioni ukiwa likizo unanifundisha, mimi nitakuwa wa kuchekwa. Unaonaje?

– Sawa baba. – Kisha baada ya kidogo: – Lakini baba, wewe utachukua zaidi ya miaka miwili.

Alipoketi macho yalikuwa yamelowa, na hakuyafuta. Tadea aliinamisha birika kumwongezea, likatoa tone moja na mashapo. Kahawa ilikuwa imeisha. Mama Eunice alijitwisha kapu, akauliza kwa upole kama na gari nalo linasoma darasa la taratibu. Ilikuwa wakati wa kuondoka, abiria wengine walikuwa wameshaanza kugonga bodi. Mwendokasi alisimama, funguo mkononi, akapiga hatua mbili kuelekea garini, akarudi.

– Kichanja, hebu lirudie hilo neno, – akasema. – Ila taratibu, kaka. Mimi sijalishika.