Rangi ya Gauni Lile

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemezwa ukuta wa duka la kinyozi, mguu wake mmoja ukiwa juu ya tofali. Asubuhi hukaa watu wale wale: Kinyozi, anayetoka nje kila akikosa kichwa cha kunyoa; Wakili, dalali wa nyumba ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani, ila kwa ubishi hana mpinzani; na Mzee Saa, fundi wa saa aliyeacha kazi macho yalipoanza kumgomea. Mama Birika huwamiminia kahawa na kuwasikiliza kwa sikio moja. Siku moja, mnamo saa nne, alikuja Fremu, mwanamke mwenye studio ya picha mtaa wa pili, bahasha ya kaki kwapani. Alikuwa amechoka hata akaketi kwanza, salamu ikafuata.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu. Umeileta?

— Nimeileta. Leo nimekuja na zote mbili, ile ya kwanza na hii mpya.

Ilikuwa picha ya mke wa Mzee Saa, fundi cherehani aliyefariki miezi mitatu nyuma. Mzee alitaka aitundike sebuleni kabla shemeji yake hajafika, dada wa marehemu, ambaye siku ya mazishi alikuwa amelazwa hospitalini. Picha ya kwanza Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama sana, kisha akairudisha kwa upole. “Mwanangu,” alisema, “huyu amefanana naye.”

Neno hilo lilimkaa Fremu rohoni wiki nzima. Alibadilisha wino, akabadilisha karatasi, akachapa mara nne. Kwenye kompyuta mama wa watu alikuwa anang'aa. Akitoka kwenye printa, uso umefifia na kuingia umanjano kama wa mgonjwa.

— Kumbe mchawi alikuwa nani? aliuliza Kinyozi.

— Skrini. Nimeazima kifaa kwa rafiki yangu wa kiwanda cha uchapaji. Kidogo tu, kinatosha kiganjani. Unakiegesha usoni mwa skrini, inakionyesha rangi moja baada ya nyingine, na chenyewe kinazipima. Kikimaliza, kompyuta inajirekebisha. Nimekuta skrini yangu imezidi bluu, imezidi na mwanga.

— Sasa bluu ya skrini inaingiaje kwenye karatasi?

— Haiingii. Ndiyo taabu yenyewe. Mimi nikiona uso umepauka, naongeza manjano, napunguza mwanga, mpaka unapendeza machoni pangu. Karatasi haina ile bluu wala ule mwanga. Inabaki na manjano yangu na giza langu.

Kinyozi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeguswa jambo la nyumbani kwake.

— Nakuelewa, dada. Kioo changu cha kushoto kinamtakatisha mtu. Wateja wote wanagombea kiti cha kushoto. Wakifika nyumbani, wake zao wanawauliza walikuwa wapi.

— Kiwandani wanajua, alidakia Wakili. Skrini inang'arishwa ili ikushawishi pale dukani. Ukishaibeba, kazi yake imekwisha.

— Hapo hujakosea, kaka, alisema Fremu.

Kumkubalia Wakili lilikuwa kosa. Alisogea mbele ya benchi, kikombe mkononi.

— Halafu kuna umeme. Umeme wa mtaa huu ni hafifu, na nyekundu inataka umeme mwingi kuliko rangi zote. Ndiyo maana watu wetu kwenye picha wanatoka hawana damu.

— Kwa hiyo umeme ukikatika mtu anabaki kijani? aliuliza Kinyozi.

— Anabaki alivyo. Na mkitaka niwaambie ukweli, jua lenyewe limebadilika. Sisi tukiwa wadogo, nyekundu ilikuwa nyekundu. Siku hizi hata nyanya zinaona haya.

— Macho yako ndiyo yamezeeka, baba, alisema Mama Birika, akamwongezea kahawa ili anyamaze.

Fremu hakucheka. Hakuwa amewaambia lililomchosha zaidi. Jana, baada ya kuisawazisha skrini, alifungua kazi zake za zamani. Maharusi, vichanga, wahitimu waliovaa majoho, wazee waliokuja kupigwa picha ya mwisho bila kujua ni ya mwisho. Miaka sita. Wote aliwapaka manjano kwa mkono wake, na wote walishukuru, wakaenda kuwatundika ukutani. Hakuna aliyelalamika, ila huyu mzee mmoja. Angewarudia vipi? Angeanzia mlango gani?

Alizitoa picha, akazilaza juu ya paja la Mzee, moja huku, moja huku.

Mzee Saa alivaa miwani. Aliinua ile mpya, akaielekeza penye mwanga, akaishusha.

— Uso ni wake, alisema.

Fremu alianza kuinuka.

— Lakini gauni?

— Gauni lina nini, mzee?

— Kwenye hii ya kwanza ni la kijani. Kwenye hii ni la bluu.

Wote wakainama kutazama. Kweli, manjano yalipoondoka usoni yaliondoka na kwenye kitambaa.

— Lilikuwa kijani, alisema Kinyozi. Alikuwa akipita hapa nalo akienda kununua uzi. Nalikumbuka vizuri.

— Bluu, alisema Wakili. Nilikwenda kuongezewa kiuno cha suruali, akanipima akiwa amelivaa. Bluu kabisa.

— Ulikuwa unatazama suruali yako.

— Na wewe ulikuwa unatazama vichwa vya watu. Vichwa havina kijani.

— Mzee, Fremu alimgeukia, wewe uliishi naye. Nisaidie.

Mzee Saa alipitisha kidole ukingoni mwa picha. Mama Birika naye aliyekuwa na neno kwa kila jambo alikuwa anasuuza vikombe vilivyokwisha kusuuzwa.

Wakati huo mwanamke mmoja mtu mzima alikuja taratibu kutoka upande wa stendi, begi la safari mkono mmoja, mwavuli wa kujiegemeza mkono wa pili. Mzee Saa alimwona, akaziweka picha kwenye benchi, akasimama.

— Shemeji. Pole na safari.

— Nimeshapoa. Pole wewe, shemeji yangu. Nimebisha nyumbani, jirani akaniambia uko huku.

Kinyozi alimpisha. Mgeni alikaa, akapokea kikombe, na kabla hajanywa macho yake yakaangukia picha. Aliichukua ile mpya, akaishika karibu na uso.

— Dada yangu, alisema. Ni yeye.

Kisha akauliza walikuwa wanabishana nini, maana sauti zao alizisikia tangu konani.

— Rangi ya gauni, mama, alisema Fremu. Wengine kijani, wengine bluu. Na mimi nataka nikupeni picha iliyo sawa.

— Hili sikuwahi kuliona.

— Alilishona mwaka jana, alisema Mzee.

— Basi mnajisumbua nini? Lileteni tulilinganishe. Liko wapi hilo gauni?

Wote walikuwepo siku ya mazishi. Wote walijua marehemu alizikwa na nguo aliyoipenda. Mama Birika alikuwa miongoni mwa wanawake waliomvisha, na vifungo vya mgongoni vya gauni hilo alivifunga yeye. Fremu alimtazama akiwa amekamatia kikombe kitupu, akaelewa kwa nini alinyamaza.

Shemeji alizungusha macho usoni mwa mmoja hadi mwingine. Aliweka kikombe chini.

Mzee Saa ndiye aliyesema, polepole.

— Miaka thelathini na minane. Kila akimaliza kujishonea nguo mpya, anakuja mezani kwangu, anageuka mbele, anageuka nyuma. Baba, limenikaaje? Namwambia, limekukaa vizuri. Naye anaondoka ameridhika. Mimi sijainua jicho kwenye saa ya watu.

Fremu alitamani afanye jambo, lolote.

— Mzee, naweza kuichapa nyeusi na nyeupe. Nikitoa rangi, ubishi umekwisha. Nitaileta leo hii.

— Hapana, mwanangu. Usimwondolee rangi. Alizipenda.

Alizitazama picha zote mbili tena, akamrudishia Fremu ile ya kwanza, ile mpya akaitia ndani ya bahasha.

— Hii umeipima. Nitakaa nayo.

— Na gauni?

— Gauni nitalitazama kila siku.

Alimpa shemeji yake mkono, akamwinua. Fremu alichukua begi la mgeni, na wote watatu wakashika njia ya nyumbani kwenda kutafuta msumari.