Dakika Tisa za Mama Geuza: Miaka Thelathini na Miwili katika Chumba cha Ushonaji

Miaka thelathini na miwili na miezi minne. Huo ndio muda aliotumikia mshonaji mkuu wa hospitali yetu, anayestaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri. Saa imetajwa kwa sababu mwenyewe ameitaja. Ofisi ya utumishi ilipomuuliza kama angependa kuondoka mapema siku hiyo ya mwisho, alijibu kwamba barua yake ya ajira haisemi saa nane.

Wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Mama Geuza. Watoto anao wawili, wote sasa ni watu wazima, na hakuna kati yao anayeitwa Geuza. Jina hilo limetokana na mashine, kama itakavyoelezwa. Mwandishi wa makala haya ni mtunza stoo, mlango wa pili kutoka kwake, na kwa miaka ishirini na mmoja amekuwa akimpatia sindano na nyuzi, na kupokea malalamiko yake kuhusu hizo sindano na nyuzi.

Alianzia chumba cha kufulia, akikunja mashuka. Utaratibu ulikuwa kwamba shuka lenye tundu linawekwa kando ili litupwe. Yeye alitembea na sindano imechomekwa kwenye ukosi wa gauni lake, na wenzake walipokwenda kunywa chai, alikaa juu ya kapu na kuyaziba matundu. Baada ya miezi mitatu rundo la mashuka ya kutupwa lilipungua sana, mpaka msimamizi wa ushonaji wa wakati ule akaingiwa na wasiwasi kwamba kuna mtu anayaiba. Alikuja kupeleleza, akamkuta mwizi mwenyewe ana uzi mdomoni. Wiki iliyofuata mwizi alihamishiwa chumba cha ushonaji, na huko ndiko alikodumu hadi leo.

Mashine iliyompa jina ililetwa katika mwaka wake wa tisa. Ilikuwa moja yenye kazi mbili. Kazi ya kwanza ni ovaloki: inakata ukingo wa kitambaa na kuufunga kwa nyuzi ili usifumuke. Kazi ya pili ni mshono bapa, ule unaoonekana kwenye pindo la fulana, mistari miwili iliyonyooka upande wa juu na wavu wa nyuzi upande wa chini, umelala, hauna uvimbe. Ili kutoka kazi moja kwenda nyingine, mashine sharti igeuzwe, yaani ifunguliwe na kupangwa upya. Fundi aliyeileta aliwaonyesha mara moja, kwa haraka, kisha akaondoka na kuacha kitabu cha maelekezo kilichoandikwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Kwa bahati kilikuwa na picha.

Kwa miaka miwili mashine ilifanya ovaloki tu. Vifaa vya mshono bapa vilikaa ndani ya mfuko wa plastiki kwenye droo, pamoja na mkasi uliovunjika na kijiko cha chai. Hakuna aliyevigusa; kilicho salama hakiguswi, kama walivyokuwa wakisema wenyewe.

Kilichofungua mfuko ule ni mgonjwa mmoja, mpishi wa shule, aliyemwagikiwa na uji wa moto shingoni na mkononi. Vidonda vilipofunga, alishonewa nguo ya kubana makovu. Kwa wasioijua, hiyo ni nguo ya kitambaa kinachovutika, inayovaliwa mchana na usiku kwa miezi mingi ili kovu lisivimbe na kukaza kiungo. Mpishi huyu alikuwa akiivua na kuificha chini ya godoro. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimsema, wauguzi wakamsema, dada yake akaitwa ili naye amseme. Kovu la shingo likaanza kukaza, na kichwa kikaanza kuinamia upande mmoja.

Mama Geuza, ambaye wakati huo hakuwa bado Mama Geuza, alisikia habari hizo kutoka kwa mhudumu aliyekuja kuchukua mashuka. Alipanda wodini wakati wa chakula cha mchana. Hakumsema mgonjwa. Alijitambulisha kwamba ndiye aliyeishona ile nguo, akamuuliza ina kasoro gani.

"Dada, kovu haliniumi," mpishi alimwambia. "Kinachoniuma ni mshono wako."

Aliigeuza nguo ndani nje na kuutazama ukingo wa shingo. Mshono wa ovaloki ulikuwa umesimama kama kamba, na ngozi mpya ya mpishi ilikuwa imechubuka kuufuata mstari mzima. Mwenyewe anasimulia kwamba alishuka ngazi bila kukumbuka kuaga.

Alasiri hiyohiyo alifungua droo. Ilimchukua siku tatu. Kugeuza mashine ile kuna hatua kumi na moja: kutoa nyuzi zote, kuhamisha sindano kutoka matundu ya nyuma kwenda ya mbele, kushusha kisu kisikate, kulaza kulabu ya juu ili isigongane na sindano, kubadilisha sahani, na kuendelea. Kila hatua ilikuwa na picha yake, lakini picha ya tano na ya sita zilikuwa zimelowa chai, nazo ndizo zilizohusu kulabu. Siku ya kwanza nyuzi zilikatika. Siku ya pili mashine haikukamata uzi kabisa. Siku ya tatu ulitoka mshono mzuri, umenyooka, wenzake wakakusanyika kuutazama. Mmoja akaona uzi unaning'inia mwishoni, akauvuta ili kuusafisha, na mshono wote ukafumuka mbele ya macho yao kama tambi. Hivyo ndivyo walivyojifunza kwamba mshono bapa usipofungwa mwishoni haujashonwa.

Siku ya nne mpishi alipata nguo mpya. Aliivaa, akazungusha shingo kwa tahadhari kulia na kushoto, na haikuvuliwa tena ila kwa kufuliwa. Miezi kumi baadaye alirudi shuleni kwake akiwa na shingo iliyonyooka.

Kuanzia hapo wodi ya majeraha ya moto haikutaka nguo za namna nyingine. Tatizo likawa muda. Mashine ilikuwa moja, na mashuka na magauni ya chumba cha upasuaji nayo yalihitaji ovaloki. Kugeuza kulichukua dakika ishirini na tano kwenda na ishirini na tano kurudi. Msimamizi alisema, kwa haki kabisa, kwamba hospitali haikuajiri mtu wa kufungua na kufunga mashine. Mama Geuza hakubishana naye. Alichora mstari wa chaki ukutani kwa kila siku, akiandika dakika alizotumia. Alipanga vifaa vyake kwenye trei ya mayai, kila tundu na kifaa chake kwa mpangilio wa hatua. Mistari ikashuka: kumi na tisa, kumi na nne, kumi na moja. Ilipofika tisa ilikaa hapo, na msimamizi akaridhia: ovaloki asubuhi hadi saa nne, mshono bapa kuanzia hapo. Kila ilipokaribia saa nne mtu mmoja alipaza sauti kwamba mama, geuza, na jina likaganda.

Wasifu usiotaja makosa hausadikiki, na mwenyewe amesisitiza kwamba la mwaka wa kumi na tisa liandikwe.

Ilikuwa Jumanne. Alikuwa katikati ya kugeuza alipoitwa kupokea simu ukumbini: mama yake mzazi ameanguka nyumbani. Alizungumza na mdogo wake, akahakikishiwa kwamba mama ameshainuliwa, amekaa kitini, na analalamika kuhusu mboga. Akarudi kwenye mashine akiamini kwamba kulabu ya juu ameshailaza. Alikuwa hajailaza. Kwa kawaida aliuzungusha mtambo kwanza kwa mkono, taratibu, kuhakikisha hakuna kinachogongana. Siku hiyo alikanyaga pedali moja kwa moja. Sindano iligonga kulabu na kuvunjika vipande vitatu.

Viwili vilionekana mezani. Cha tatu, ile ncha, hakikuonekana. Aliinama chini ya meza kukitafuta, na alipoinuka, kapu la nguo kumi na nne zilizokamilika jana yake, lililokuwa wazi kando ya mashine, halikuwepo. Mhudumu alikuwa amelichukua kulipeleka wodini.

Alipanda ngazi mbio. Mtoto mmoja alikuwa ameshaingizwa mkono wa kwanza katika nguo yake. Mama Geuza aliomba nguo zote zirudishwe kapuni. Muuguzi wa zamu, aliyekuwa na wagonjwa kumi na wanne wa kuvisha, alimuuliza kama ana hakika kwamba ncha imo humo.

"Sina hakika," alisema. "Ndiyo maana nazitaka zote."

Msimamizi aliona kwamba ncha iko sakafuni tu, wafagie, kazi iendelee, wagonjwa wasitiwe hofu bure. Walifagia, haikuonekana. Wakaleta sumaku kutoka karakana, nayo haikunasa kitu. Mama Geuza alizipapasa nguo moja moja kwa vidole kuanzia ukosi hadi pindo, mara mbili, asiambulie kitu. Hapo akalibeba kapu hadi chumba cha eksirei. Fundi wa eksirei alidhani ni mzaha. Alipoelezwa, aliwaomba radhi watu wawili waliokuwa kwenye foleni, akazitandaza nguo tatu tatu na kuzipiga picha.

Katika picha ya nne kulikuwa na alama nyeupe, fupi kuliko punje ya mchele, ndani ya mkunjo wa ukosi. Nguo ilikuwa ya yule mtoto aliyekuwa ameshaanza kuvaa. Alikuwa na miaka minne.

Taarifa ya tukio ilipaswa kuandikwa. Msimamizi, ambaye hakuwa mtu mbaya na alimpenda, alimshauri aandike kwamba mashine ilipata hitilafu. Karatasi ipo mpaka leo, kwa mwandiko wake, na ina sentensi tatu: "Mashine ni nzima. Sikuizungusha kwa mkono kwanza. Kosa ni langu." Alipewa onyo la maandishi. Alilisaini, akaenda stoo kuomba sindano nyingine, na mwandishi huyu anakumbuka kwamba alimpa pakiti nzima naye akarudisha nyingine zote, akabaki na moja.

Kuna taratibu mbili zilizotokana na siku ile. Kwanza, hakuna sindano mpya inayotolewa mpaka ya zamani irudi ikiwa kamili, vipande vyake vyote vimebandikwa kwenye karatasi. Pili, anayegeuza mashine hakanyagi pedali mpaka mwenzake aitazame. Katika miaka kumi na mitatu tangu hapo hakuna ncha iliyopotea. Hospitali mbili nyingine zimekuja kuziiga taratibu hizo, na wote waliokuja alianza kwa kuwasomea zile sentensi tatu.

Utaratibu wa pili ulimlazimisha kufundisha, maana mwenzako hawezi kutazama asichokijua. Amefundisha washonaji wanne. Si mwalimu wa kupongeza. Hugeuza mashine, huacha hatua moja makusudi, kisha hukunja mikono na kungoja mwanafunzi aione. Mmoja wao, ambaye sasa ndiye anayeshika nafasi yake, alingojewa siku moja dakika arobaini. Mwisho alilia, akafuta machozi, akaona kwamba kisu hakijashushwa. Aliambiwa kwamba sasa anaweza kwenda kula.

Mwaka jana hospitali ilipata mashine mbili mpya, moja ya ovaloki na moja ya mshono bapa, kila moja na kazi yake. Hakuna tena cha kugeuza. Sisi wa vyumba vya jirani tulidhani siku hiyo kwamba jambo hilo limemgusa. Mshonaji mmoja alithubutu kumpa pole. Mama Geuza alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi.

"Nilikuwa nageuza kwa shida, mwanangu," alisema, "si kwa mapenzi."

Akakaa kwenye mashine ya mshono bapa na kushona nguo ishirini na mbili siku hiyo. Haijawahi kushonwa idadi hiyo kwa siku moja katika chumba kile. Uongozi ulipomwambia kwamba ile mashine ya zamani anaweza kuichukua iwe zawadi ya kuagwa, alishukuru na kuikataa. Alisema kwamba wote wawili wanastaafu, na wastaafu hawafai kukaa nyumba moja.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote tunamshukuru. Tunamshukuru kwa mashuka aliyoyaiba kutoka kwenye jaa, kwa nguo zaidi ya elfu sita alizozishona bila uvimbe ndani, na kwa kutuambia ukweli siku ambayo uongo mdogo ungepita bila kuonekana. Watoto wake na mdogo wake, waliotuazima mama na dada kwa muda wote huu, nao tunawashukuru. Tunamrudisha akiwa mzima, macho yake yakihitaji miwani.

Tulimuuliza atafanya nini Jumatatu. Alisema kwamba ataingia dukani, atanunua gauni lililoshonwa tayari, na atalivaa bila kutazama ndani. Wote tuliokuwepo tunaamini kwamba hataweza. Hata hivyo, mama, tunakuombea afya, siku ndefu, na gauni zuri.