Kidogo, Cheupe, Chenye Mstari Katikati

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya kibanda changu cha kushona viatu na duka la vifaa vya umeme, na mguu wake mmoja ulikatika nikauunga kwa misumari. Tunakaa wanne. Mimi ndiye mwenye jiko na birika, kwa hiyo kahawa ni yangu na lawama zikija ni zangu pia. Kulia kwangu hukaa Sindano, dereva mstaafu wa lori, ambaye haamini dawa yoyote isiyoingia mwilini kwa kuchomwa. Anayefuata ni Wodi, aliyelinda geti la hospitali miaka kumi na mmoja akatoka huko na jina hilo pamoja na majibu ya magonjwa yote. Mwisho kabisa, mwenye matone ya rangi mpaka kwenye kope, ni fundi wa kupaka nyumba rangi tunayemwita Rangi Mbili. Ng'ambo ya barabara ndipo ilipo cherehani ya fundi nguo tunayemwita Mkasi. Leo imefunikwa turubai, na hakuna aliyeigusa tangu jana saa nne asubuhi, alipoanguka akiwa kazini.

Tulikunywa kikombe cha kwanza. Mkasi alikuwa hospitali, hajitambui, na hatukuwa na habari zaidi ya hiyo. Basi tukafanya tunachokijua, tukaanza kumtibu tukiwa tumekaa.

— Kosa lilikuwa vidonge, alianza Sindano. Kidonge kinashuka tumboni. Presha iko kichwani. Sasa kitapandaje huko?

— Kinapanda na damu, Wodi akajibu.

— Damu yenyewe ndiyo inayoumwa, kaka. Utamtuma mgonjwa akajiletee dawa?

Rangi Mbili alisubiri wamalize, akasema tatizo si njia, tatizo ni rangi. Nyekundu ni ya damu, njano ni ya ini, nyeupe ni ya kichwa na mifupa. Hilo kwake halikuwa na mjadala.

— Na zile za rangi mbili? nikamuuliza, ingawa jibu nalijua. Ndilo lililompa jina.

— Zile zina kazi mbili. Upande mmoja unapigana na ugonjwa, wa pili unaulinda mwili. Ila ukimeza ukatanguliza upande wa ulinzi, unaolindwa ni ugonjwa. Watu wengi wanakufa hapo.

Wodi akatikisa kichwa taratibu, akasema hicho ndicho kilichommaliza mgonjwa mmoja wa wodi namba nne. Alimeza amelala chali, kidonge kikaingia kinyumenyume, kikaenda zake miguuni. Sindano naye hakukubali kuachwa nyuma. Akadai mwili una akili zake: ukiupa dawa ile ile kila siku unaizoea na kuidharau, kwa hiyo lazima ushtukizwe. Leo ya presha, kesho ya minyoo, keshokutwa ya macho.

— Ya macho inamezwa? nikamuuliza.

— Si ndiyo kuushtukiza kwenyewe?

Siku nyingine ningecheka mpaka kahawa inipalie. Leo nilivyozidi kuwasikiliza ndivyo nilivyozidi kujichukia. Maana mimi nilikuwa na kopo chini ya meza yangu, na wao walijua lipo, na hakuna aliyelitaja.

Ni kopo la biskuti. Lilianza kwa nia njema, kama mambo mengi ya kijinga. Kwenye zahanati yetu foleni inapangwa kabla jua halijatoka, na ukifika dirishani unaambiwa dawa zimeisha, urudi wiki ijayo. Wakati huo huo kila nyumba ina masalia ya vidonge. Huyu kapona kabla hajamaliza dozi, yule kafa kabla hajamaliza dozi. Tukasema visitupwe, viletwe hapa. Rangi Mbili alikata boksi akagawa vyumba ndani ya kopo, akapaka kila chumba rangi yake, na vidonge tukavitoa kwenye karatasi zake kwa sababu karatasi zinajaza nafasi. Tukavipanga kwa rangi. Lilipendeza kulitazama. Watu wakaanza kuja; mtu anaeleza anavyojisikia, tunabishana kidogo, anapewa. Wengine walirudi kutushukuru. Tukajiona watu wa maana, na mtu akishaionja heshima ya namna ile ni vigumu kuiacha. Hapo najisemea mimi mwenyewe, wenzangu watajisemea wao.

Mkasi ana presha mwaka wa tatu sasa. Zahanati walikuwa wakimpa kichupa cha vidonge kila mwezi. Mwezi uliopita kichupa kilipoisha alivuka barabara akiwa na uso wa sherehe, akatuambia amemaliza dozi. Tukampongeza. Wodi alisimama kabisa akampa mkono. Kwetu sisi dozi ni kitu kinachoisha, ukishaimaliza umepona, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba zipo dawa ambazo mtu hunywa maisha yake yote.

Haikupita muda kichwa kikaanza kumgonga. Akaenda zahanati mara mbili, dawa hakuna. Jumatatu akaja kwetu na kidonge kimoja alichokikuta kwenye pindo la mfuko wa shati lake. Akakiweka kiganjani tukione. Rangi Mbili alikigeuza geuza kwenye jua, akafungua kopo, akachukua kimoja kutoka chumba cheupe, akakilaza pembeni ya kile cha Mkasi.

— Kidogo, cheupe, chenye mstari katikati, akasema. Ni hiki hiki.

Vilifanana kweli. Mimi ndiye niliyehesabu kumi nikavifunga kwenye kipande cha gazeti, nikamwambia anywe kimoja kila asubuhi. Mkasi alikitia kifurushi mfukoni, akanishika bega, akasema yeye angalau ana watu.

Jana asubuhi kulikuwa na ubaridi, lakini shati lake lilikuwa limelowa jasho mpaka linamgandia mgongoni. Mikono ilimtetemeka. Mteja alipokuja kuchukua suruali yake akakuta mguu mmoja umeshonwa ukafungwa kabisa kwa chini, na Mkasi, ambaye hajawahi kukosea hata pindo la shuka, alikuwa akiutazama na kucheka peke yake. Kisha akaegemea cherehani, akateleza chini. Tulikimbia wote. Mwenye suruali alitaka tumnyweshe chai yenye sukari nyingi. Wodi akamzuia. Alisema mtu wa presha hapewi kitu kitamu, huko hospitali aliona. Tukamwagia maji kichwani tukasubiri gari.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyawaza Sindano alipokuwa akieleza kwamba figo zote mbili huwa zinagawana zamu, moja ya mchana na moja ya usiku. Hapo akaja mwanamke mmoja, mkoba begani, vumbi la safari bado liko kwenye viatu. Hatukumjua.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama.

— Mimi ni binti wa fundi cherehani. Yule mkubwa, ninayekaa mbali. Nimeingia usiku, nimetokea hospitali moja kwa moja.

Nikamsogezea kigoda, akakataa kukaa. Nikamuuliza baba anaendeleaje.

— Sukari yake inashuka. Wanamwekea dripu, anafumbua macho. Baada ya muda inashuka tena, anapotea. Daktari anasema mtu asiye na ugonjwa wa sukari hawi hivi hivi tu, kuna dawa amekunywa. Anataka kujua ni dawa gani ili ajue anapambana na nini. Amesema tusichelewe.

Tulikuwa tumeongea dawa tangu asubuhi. Sasa mtu ameuliza, na kila mmoja akageukia kikombe chake.

— Ni kile cheupe, Rangi Mbili akasema mwishowe. Kidogo.

— Kinaitwaje?

— Kina mstari katikati.

— Nimekusikia, baba. Jina lake.

Rangi Mbili akanigeukia mimi, na mimi sikuwa na mahali pa kugeukia. Mwaka mzima tuligawa dawa kwenye kona ile, na katika kopo zima hatukujua jina la kidonge hata kimoja. Majina yalikuwa kwenye karatasi. Karatasi tulizitupa.

Lakini lile neno sukari lilikuwa limeshanichoma. Mke wangu alifariki mwaka juzi, na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Miaka sita nilimpa kidonge chake kwa mkono wangu kila asubuhi, na glasi ya maji. Kilikuwa kidogo. Kilikuwa cheupe. Baada ya msiba sikuweza kukaa ndani na vitu vyake, na tulipoanzisha kopo vidonge vyake vilikuwa vya kwanza kuingia. Kama Jumatatu ile nililijua hilo nikalinyamazia, au kama kweli lilikuwa limenitoka, sijui. Nimejiuliza tangu hapo na kila nikijiuliza napata jibu tofauti.

— Humo ndani kuna vya sukari, nikasema. Vya marehemu mke wangu. Nilivimimina mimi.

Sindano aliweka kikombe chini. Nikatoa kopo chini ya meza, nikampa. Binti alifungua, akatazama vile vyumba vilivyopakwa rangi vizuri, kisha akakodolea macho chumba cheupe. Aliingiza kidole akavisogeza. Aina tatu, labda nne, vyote vidogo, vyeupe, vyenye mstari. Akalifunga.

— Nitampelekea daktari lote. Alikunywa vingapi?

Nikashukuru Mungu kwamba hilo angalau nilikuwa nalo.

— Nilimpa kumi. Kimoja kila asubuhi. Jumatatu, Jumanne, na jana. Vitatu.

Binti akatoa kipande cha gazeti kwenye mkoba, akakifungua mbele yangu. Ni mimi niliyekifunga, nilikitambua. Hakikuwa na kitu.

— Hiki kilikuwa kwenye shati lake.

Sindano akakohoa.

— Mimi nilimwambia viwili viwili, akasema, na sauti yake ya barabarani ilikuwa imekwisha kabisa. Nikaona mtu mwenye mwili ule, kimoja kitamfanya nini.

— Viwili kwa siku?

Wodi alikuwa akiangalia viatu vyake. Alisema kwa taabu kwamba alimfuata Mkasi kule kwenye cherehani akamsahihisha, maana dawa zote ni kutwa mara tatu. Ndivyo alivyosikia dirishani miaka yote ile, kutwa mara tatu, kutwa mara tatu.

— Sita kwa siku, binti akasema polepole. Basi kumi haviwezi kufika jana asubuhi.

Kila mmoja akahesabu. Mimi nilihesabu mara mbili. Halafu Rangi Mbili akaanza kuusugua mkono wake wenye rangi kavu, na nikajua kabla hajafungua mdomo.

— Jumanne jioni alikuja akasema kichwa bado. Wewe ulikuwa umekwenda kununua soli. Nikamwongezea.

— Vingapi?

— Nilichota tu.

Alionyesha kwa vidole vitatu, namna ya mtu anayechota chumvi. Kisha akaviangalia vile vidole, akaviingiza mfukoni.

Ningependa binti yule angetutukana. Nilikuwa tayari, nilimngoja aseme, na ningeyapokea yote. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa vizuri, na baba yake ndiye aliyemlea. Alifuta uso kwa upindo wa mtandio wake, akajikaza.

— Alfajiri alizinduka kidogo, akasema. Nikamuuliza mwenyewe, baba umekunywa nini, umekunywa vingapi. Hakukumbuka. Akaniambia nisihangaike, nije niwaulize wazee wa kwenye benchi. Akasema, wale wanajua.

Sindano akajifunika uso kwa kofia yake. Mimi nililia, na sioni haya kusema hivyo, ila nililia bila faida kwa mtu yeyote.

Binti akalikunja lile gazeti ukabaki ukingo usio na maandishi, akaliweka juu ya kopo, akatafuta kalamu mkobani.

— Basi niambieni, wazee wangu. Vyote pamoja vilikuwa vingapi, na cha mwisho alikinywa saa ngapi?

Tulikuwa watu wazima wanne. Yeye alikuwa amesimama mbele yetu na kalamu mkononi, anatutazama mmoja baada ya mwingine, anasubiri.